Samaki Iko?

Mimi ni mwoga wa maji, na nikampenda binti wa nahodha. Naanza na hilo ili msomaji asidhani nilikuwa na akili timamu mwaka ule.

Ilikuwa Gisenyi, mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, karani wa ofisi ya serikali, kazi yangu kugonga mihuri na kuwaambia watu warudi kesho. Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda, na niliporudi na baba yangu kwenye nchi ambayo sikuwahi kuiona, nilikuta Kiswahili changu cha shule kinawavunja watu mbavu. Nikisema "tafadhali, naomba unisogezee kiti," ofisi nzima inaacha kazi. Sikukasirika. Mimi mwenyewe ni mtu wa kucheka. Nimewahi kucheka kanisani katikati ya sala ya toba, na siku nilipomwona binti yule kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu njia nzima mpaka nyumbani, watu wakinipisha.

Alikuwa anauza sambaza, wale dagaa wadogo wa ziwa Kivu, kwenye meza karibu na soko. Mwezi wa kwanza nilinunua sambaza kila jioni, bakuli mbili mbili, mpaka paka wa mtaa wetu wakaanza kunisindikiza. Hatimaye akaniuliza.

"We mutu ya mihuri, hizi zote unakulaka na nani?"

"Na baba yangu."

"Na nani anawapikia?"

"Kuna mama mmoja," nikasema.

Akautazama mkono wangu. Kidole cha shahada kilikuwa na lengelenge. "Huyo mama," akasema, "anapikaka na vidole vyako?"

Basi siri yangu ilitoka hivyo, kwa mtu mmoja tu, na nikamwapisha asiseme. Kwa wazee wetu mwanamume kushika mwiko ni aibu ya kuhama mtaa. Lakini mama tulimzika Karagwe miezi michache kabla ya safari ya kurudi, dada sina, na baba yangu hakuwahi kuchemsha hata maji ya kunyoa. Jioni ile ile ya mazishi, wageni walipoondoka, nilimkuta amekaa mbele ya mafiga yaliyopoa akiyatazama tu, nikauchukua mwiko. Tangu hapo nilipika kila siku, mlango wa jiko nimeufunga, moshi ukinila macho, ili jirani asijue.

Baba naye alikula. Hakusifu, hakulaumu. Alikuwa mtu wa maneno machache kupita kiasi. Nilipofaulu mtihani wa kidato cha nne alisema, "Siyo mbaya," kisha akaenda kulala mchana. Nilimpenda mno, na sijui kama alijua. Kuna jioni nilikaa nikimtazama akitafuna maharage yangu, nikimwomba Mungu aseme neno moja. Akasema, "Funga mlango, kuna baridi."

Upande wa nahodha sasa. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye koti la mvua la njano alilovaa hata jua likiwaka, na aliongoza mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, kama wavuvi wa sambaza wanavyofanya pale. Nilipotuma watu kumweleza nia yangu, alijibu kwamba ng'ombe wa mahari sawa, siku ya kuposa sawa, lakini kuna jambo moja. Akaniita mwenyewe ufukweni aniambie.

"Mi siwezi kupatia mutoto yangu mwanaume asiyejua kujisema," akasema. "Siku ile utasimama, we mwenyewe, ufanye kwivuga. Mbele ya wote. Bon. Ukishindwa, tutakunywa bière, mutarudi kwenu, na mutarudia siku ingine kama roho ingali inataka."

Zamani kila mwanamume wa Kinyarwanda alikuwa na shairi lake la kujisifu, alilolitunga mwenyewe. Alisimama mbele ya watu na mkuki mkononi akalisema kwa pumzi moja, mbio, bila kukwama: yeye ni nani, mwana wa nani, adui gani alimwangusha na wapi. Hiyo ndiyo kwivuga. Kukwama katikati ilikuwa fedheha ya kukumbukwa na wajukuu. Lakini kwenye kuposa siku hizi bwana harusi hasemi kitu; wazee wawili, mmoja kila upande, ndio wanaopambana kwa maneno, naye anakaa kimya na suti yake akitoka jasho. Kukaa kimya na kutoka jasho nilikuwa nimejiandaa vizuri sana.

"Nitajisifu kwa lipi, mzee?" nikamuuliza.

"Kuja Jumamosi," akasema.

Nikaenda. Kila Jumamosi asubuhi, wavu ukiwa umetandazwa majanini ukikauka na sambaza ziko juani, wavuvi wake na marafiki zao walikaa duara pale ufukweni. Walikuwepo wafanyabiashara wawili waliorudi kutoka Kongo, fundi baiskeli, na mlinzi wa hoteli aliyekuja na sare yake. Mmoja alisimama, akapewa kasia. Hapakuwa na mkuki. Kasia ndilo lililokuwa mkuki. Nahodha alikuwa amekataza mkuki, na amekataza pia mtu kuuawa ndani ya shairi. "Hapa hatuue mutu," aliniambia siku ile ya kwanza, "hata kwa mudomo." Kila aliyekaa pale alijua kwa nini, miaka michache tu baada ya mauaji, mjini kwetu.

Basi watu wale walikuwa na kazi ngumu: kujisifu bila maiti. Ilibidi kila mwanamume ajichunguze atafute alichowahi kufanya kwa mikono yake ambacho hakikumwaga damu ya mtu. Nahodha aliruhusu chumvi. "Tia chumvi mpaka ichome ulimi," alisema, "lakini chini ya chumvi samaki ikuwe." Na shairi likiisha, aliuliza kwa sauti ya kuita mtumbwi: "Samaki iko?" Hapo lazima ajitokeze shahidi, mtu aliyekuwepo, ajibu, "Iko!" Bila shahidi, umetulisha chumvi tupu, kaa chini.

Siku ya kwanza nilicheka mpaka nikalala kwenye wavu. Mfanyabiashara mmoja alisimama na kasia akajiita Paa-la-Godoro. Alitoka Goma na godoro jipya la watu wawili kichwani, mvua ikamkuta mpakani, akavua koti, akavua shati, akavua suruali, akalivisha godoro, akaingia mjini na chupi, godoro kavu kama unga! "Samaki iko?" Mlinzi wa hoteli akaruka: "Iko! Mi nilimuona! Na muke ya pasta alimuona!" Fundi baiskeli naye alijisifu kuwa alimwomba mke wake msamaha kabla chakula hakijapoa. Mkewe, aliyekuwa anageuza sambaza pale karibu, akapaza sauti bila kugeuka: "Haiko! Ugali ilikuwa baridi!" Akakalishwa chini na mayowe.

Wiki nyingine alisimama mvuvi mmoja mkimya, mrefu. Shairi lake lilikuwa fupi kuliko yote. Alisema kwamba asubuhi moja alifungua mlango, akamwona jirani yake upande wa pili wa njia, ambaye hawakuwa wamesalimiana tangu mwaka wa mauaji, akamwambia "mwaramutse," habari za asubuhi. Ndiyo hayo tu. Nahodha akauliza taratibu, "Samaki iko?" Mtu aliyekaa upande wa pili wa duara, akiangalia miguu yake, akasema, "Iko." Hakuna aliyepiga kelele. Nahodha akalichukua kasia mwenyewe, akalifuta maji, akampa mtu mwingine, na baada ya muda tukarudi kucheka, tena kwa nguvu zaidi.

Zamu yangu ilipofika nilijiita Radi-ya-Meza. Nikasema mimi ndimi niliyetetemesha karatasi, niliyegonga mihuri mia tatu kabla ya chai, wino ukanikimbia nikaufuata! Mlinzi wa hoteli, ambaye niliwahi kumgongea kibali, akajibu kwa huruma, "Iko."

"Iko," nahodha akakubali, "lakini iko kadogo sana. Tunarudisha mu maji."

Nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, maana siku ya kuposa ilikuwa imebaki wiki tatu, na sikuwa na kingine. Mashujaa wenzangu walinipandisha hata mtumbwini siku moja ili nijipatie ushujaa wa haraka. Mita kumi kutoka ukingoni nilitapika, nikaomba kurudishwa kwa lugha zote ninazozijua. Hilo nalo hawakunisamehe kwa miezi.

Ndipo nikamkumbuka ndama.

Huyu ndama alikuwa hazina ya ukoo wetu. Wazazi wangu walipokimbia, baba akiwa kijana, walifika mto Kagera, askari wako nyuma, na baba alivuka mto akiwa amembeba ndama mabegani. Mama ndiye aliyekuwa akinihadithia. Alikuwa ndama mwekundu mwenye doa jeupe usoni. Alilia njia nzima. Alimng'ata baba sikio. Mimi nilizaliwa kambini wiki chache baadaye, na utotoni niliuliza ndama yuko wapi, mama akasema aliugua akafa. Nililia wiki nzima. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi kibanda cha jirani na kiko chake mdomoni, aliniangalia nikimlilia ndama, akakohoa moshi, akatoka nje. Baba hakuwahi kuisimulia hadithi ile hata mara moja, nami nilihesabu kuwa ni unyenyekevu. Mashujaa wa kweli hawajisemi, ndivyo nilivyojidanganya.

Nikafikiri hivi: kazi ya baba si ni urithi wa mwana? Nitasimama kama mwana wa mvuka mto. Chumvi itakuwa yangu, samaki atakuwa wa baba, na shahidi ni yeye mwenyewe, atakuwa amekaa mstari wa mbele. Nahodha atauliza, na baba yangu, kwa mara ya kwanza maishani, atasimama mbele ya watu apaze sauti kwa ajili yangu. Nakiri kwamba kufikia hapo nilikuwa nalitaka neno hilo moja karibu sawa na nilivyomtaka binti. Nilifanya mazoezi jikoni, mlango umefungwa, nikikoroga ugali na kuuelekeza mwiko juu kama mkuki. Sikumwonyesha nahodha, wala sikumwambia baba. Nilitaka washtuke wote.

Walishtuka.

Siku ya kuposa kiwanja cha nahodha kilijaa. Hema la turubai, viti vya kuazima kutoka parokia, kreti za bia na Fanta, familia yetu upande huu na yao upande ule. Bibi harusi yuko ndani na wanawake, kama desturi. Mama yake pia alikuwa ndani, na ilibidi awe huko, kwani kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Humtazami usoni, huli mbele yake, humgusi. Mkikutana njiani, mmoja anatafuta kichochoro. Wazee wetu wawili walipambana kwa maneno saa nzima, wakasingizia kuwa hatukuja kuposa bali kutafuta mbuzi aliyepotea, wakakubaliana ng'ombe. Kisha nahodha akasimama na koti lake la njano juu ya suti.

"Tumesikia wazee," akasema. "Sasa mi nataka kusikia ule mwenye ataoa."

Nikapewa kasia. Nilipofungua mdomo shairi likatoka lote, kwa Kinyarwanda cha nyumbani kwetu Karagwe, kwa pumzi moja:

"Mimi Asiyerudi-Nyuma, mwana wa Mvuka-Kagera, aliyeuona mto umefura akaucheka, aliyemwinua ndama mwekundu juu ya mawimbi, mamba wakampisha, viboko wakamsalimia, ndama akalia yeye akaimba, ndama akamng'ata sikio yeye akaongeza mwendo, nami ni damu ile, bega lile, sitaushusha mzigo niliokabidhiwa!"

Sikukwama popote! Watu wakapiga makofi, vijana wa mtumbwi wakapiga mluzi. Nahodha alikuwa anatabasamu mpaka kwenye kofia. Akageuka kwa baba, akaita ile sauti yake ya ziwani:

"Papa! Samaki iko?"

Baba yangu akasimama. Alichukua muda, kwa sababu ya magoti. Akavua kofia. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kwa furaha.

"Haipo," akasema.

Mzee wetu msemaji akapaliwa na Fanta.

"Hakukuwa na ndama," baba akaendelea, kwa sauti ile ile ya kusema funga mlango kuna baridi. "Wala sikuvuka mto wote. Mtumbwi ulikuwepo. Yalikuwa matete tu kufika kwenye mtumbwi, maji ya kifuani. Viboko sikuona."

"Donc, ulibeba nini?" nahodha akauliza.

Baba akaigeuza kofia mikononi mara mbili. Alinitazama mimi, halafu akatazama chini.

"Mama mkwe," akasema.

Kisha ndani ya nyumba mwanamke mmoja akasema "Yewe!" na kitu kama sufuria kikaanguka.

"Alikuwa na miguu mibaya," baba akasema. "Na wale watu walikuwa wanakuja. Alikataa. Alisema afadhali wamkute pale kuliko kukaa kwenye shingo ya mkwe wake. Mke wangu akalia. Basi nikachuchumaa, nikafumba macho, akapanda. Alijifunika kichwa na kanga ili asinione, akanishika masikio. Mke wangu alikuja nyuma ameshika shati langu. Tulipofika mama mkwe akasema, watu wakiuliza, ulibeba ndama. Akatuapisha. Sasa amekufa, na mke wangu amekufa. Mwanangu amesimama kuomba mke kwa jambo ambalo halikuwa. Siwezi kusema iko."

Akakaa.

Nilikuwa nimeshika kasia, mdomo wazi. Ndama wangu! Ndama niliyemlilia wiki nzima alikuwa bibi yangu, tena amekaa pembeni yangu anavuta kiko akinisikiliza! Kicheko kilianzia tumboni, nikakizuia, kikatokea puani. Nikamwona nahodha naye mabega yanatikisika. Halafu kiwanja chote kikalipuka. Wazee walijipigapiga mapaja. Mfanyabiashara wa godoro alianguka na kiti cha parokia. Ndani ya nyumba wanawake walicheka mpaka wengine wakaomba msaada, na sauti moja nene, ambayo baadaye niliijua kuwa ya mama mkwe wangu, ilikuwa inasema, "Masikio! Alimushika masikio!"

Nahodha alijifuta machozi kwa ukosi wa koti. Kisha akaacha kucheka, na mimi nikakumbuka nilikuwa wapi.

"Muzee amesema kweli, aheshimiwe," akasema. "Lakini we kijana, hii samaki haikukuwa yako, na haikukuwa hata ndama. Uko na yako? Kama hauna, tunakunywa, munaenda."

Nilitazama mlango. Pazia lilikuwa limesogezwa kidogo, na kupitia upenyo ule nililiona jicho moja ninalolifahamu, na kidole. Binti alikuwa amenyoosha kidole cha shahada, anakionyesha kwa mkono mwingine. Kidole cha lengelenge.

Nikatikisa kichwa: hapana, siyo hilo, siyo mbele ya wazee wa ukoo na watu wa ofisini. Kidole hakikuondoka. Nikamtazama baba, aliyekuwa amekaa na kofia magotini baada ya kufichua aibu ya miaka thelathini na mitano ili mimi nisioe kwa uongo. Nikavuta pumzi.

"Mimi Dume-la-Mafigani!" nikasema, na sauti ikakwaruza. "Mwana wa Mbeba-Mkwe! Niliyeokota mwiko jioni tuliyomzika mama na sijauweka chini mpaka leo! Niliyefunga mlango nikapigana na moshi, ukanitoa machozi sikukimbia, sufuria ikaniuma kidole sikulia, niliyesonga ugali donge likajisalimisha, sambaza zikaruka zenyewe kikaangoni zikisema tupike sisi, niliyemlisha baba yangu miaka minne na hajalala njaa hata siku moja, hata siku moja, hata siku moja!"

Mara tatu si ufundi. Nilikwama pale, na ilibidi nisukume. Pumzi ikaisha.

Hakuna aliyecheka. Watu wa ofisini kwangu walikuwa wanatazamana. Nahodha hakuita tena. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza saa.

"Papa. Samaki iko?"

Baba alisimama tena, safari hii bila kuhangaika na magoti.

"Iko," akasema. Akafikiri. Nikamwona anafikiri, nikajua haijaisha, namjua baba yangu. "Ila maharage yake huwa hayajaiva."

Vigelegele vilivyotoka ndani viliniziba masikio. Pazia likang'oka kabisa na fimbo yake, nikamwona binti amekaa chini, ameshika tumbo, machozi yanamtiririka. Na mimi nilisimama na kasia nikicheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui kipi kilikuwa kipi, nikijirudia moyoni: amesema iko. Miaka minne ya maharage mabichi, na hakuwahi kusema! Alitafuna tu!

Tulioana baada ya mavuno. Lakini kabla ya hapo, Jumamosi iliyofuata, nilikuwa najifunga viatu niende ufukweni nikamwona baba mlangoni amevaa koti na kofia. "Twende," akasema.

Alikaa kwenye duara asubuhi nzima bila neno. Alimsikiliza fundi baiskeli akijaribu tena kuhusu msamaha. Kisha akanyoosha mkono, na nahodha, bila kuuliza, akampa kasia. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu. Alisimama katikati, akasafisha koo, na mtu yule niliyedhani hana maneno akayatoa yote kwa mkupuo:

"Mimi Mbeba-Mkwe, mwana wa mchunga ng'ombe wa watu, niliyeingia matete usiku haujaisha, maji yakanifika kifuani, ruba wakaninywa sikujikuna! Mkwe wangu juu na kiko chake, mke wangu nyuma na mzigo wake! Akanivuta sikio la kulia nikaenda kulia, akanivuta la kushoto nikaenda kushoto, majivu ya tumbaku yakaniangukia kichwani nikasema asante mama, nikamtua mtumbwini nyayo zake hazijalowa!"

Hakukwama. Lazima alikuwa amelitunga miaka mingi na kulisema peke yake kimya kimya, kitandani, zile saa za mchana nilizodhani analala. Wanaume wakasimama wote. Nahodha akanyoosha mikono na kuuliza, "Samaki iko?" na papo hapo nikaona uso wake umebadilika, kwa kuwa alikumbuka sheria yake mwenyewe. Shahidi lazima awe alikuwepo. Bibi alikuwa kaburini, mama kaburini, mwenye mtumbwi haijulikani. Baba alisimama pale na kasia, akasubiri kidogo, halafu akaanza kuinama alirudishe.

"Iko!" nikasema.

Wote wakageuka. "We ulikuwa haujazaliwa," nahodha akaniambia kwa upole.

"Nilikuwa ndani," nikasema. "Mama alikuwa ameshika shati, na mimi nilikuwa ndani ya mama. Nilikuwepo."

Nahodha alilipima jambo hilo. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akalitazama ziwa.

"Maji ulisikia?"

"Niliyasikia."

"Ndiyo maana unayaogopaka mpaka leo!" akapiga kelele, na duara lote likaitikia "Iko! Iko!" wakimtikisa baba mabega, na kofia yake ikaanguka kwenye wavu. Baba akaiokota, akaikung'uta, akaivaa. Uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Kisha akanigeukia, na mbele ya wanaume wote wale, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye meza za sambaza, akaniuliza kama maharage ya leo nimeshayaweka motoni.

Nikamwambia bado.

"Basi twende mapema," akasema, "yapate muda."